Bado Moja

Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana, Mama Kidoti alipangusa mikono kwenye aproni, akasema kutoka jikoni, "Chakula tayari." Maneno hayo yalifika sebuleni saa nane kasorobo. Mume wake, ambaye ni mwalimu wa udereva na wanafunzi wake humwita Breki, aliyasikia akiwa ameshashiba, maana njaa ilimpeleka jikoni mwenyewe. Hata hivyo aliyajibu kwa adabu: "Haya, nakuja." Jibu lilimfikia mkewe saa tisa, akiwa ameshaosha vyombo na kurudi kwenye cherehani.

Nyumba ile ilikuwa hivyo tangu rauta, kile kiboksi cha mtandao, ilipoanza kuzeeka. Waliokuwa chumba kimoja walisikizana kama kawaida. Tatizo lilikuwa milango. Sauti ikitaka kuvuka mlango ilibidi ipitie kwenye rauta, na rauta ilikuwa na umri wa miaka tisa, imekaa nyuma ya televisheni pamoja na vumbi na soksi moja iliyopotezana na mwenzake. Kati ya taa zake nne, mbili zilikuwa zimekata tamaa. Familia ilizoea. Mwenye jambo la haraka alikwenda kwa miguu, na asiye na haraka alisema lake akaendelea na shughuli.

Aliyeshindwa kuzoea alikuwa Mwalimu, dada yake Breki. Yeye hufundisha hesabu kwa njia ya mtandao, na kwa kuwa paa la nyumba yake lilikuwa linaezekwa upya, alikuja kukaa kwa kaka yake wiki sita. Walimpa chumba cha nyuma, kilichokuwa cha marehemu mama yao. Aliweka kompyuta yake juu ya meza ileile iliyokuwa ikiwekwa dawa.

"Wifi, mimi wanafunzi wangu nawasikia vizuri kabisa," alimwambia Mama Kidoti siku ya tatu. "Wao ndio hawanisikii. Wananiona nafumbua mdomo tu, mmoja ameanza kunicheka. Badilisheni hicho kiboksi."

"Tutabadilisha, wifi," Mama Kidoti alisema, na palepale akaanza kuogopa kile ambacho kiboksi kizima kingeweza kukipitisha.

Wakati ule aliogopa kidogo tu. Hofu ya kweli ilikuja Alhamisi ya wiki ya pili, Breki alipopigia simu kampuni ya mtandao na kuambiwa azime rauta, ahesabu hadi thelathini, kisha awashe. Alihesabu kwa sauti kama anavyowahesabia wanafunzi wake kwenye taa za barabarani. Akawasha. Nyumba ilikaa kimya dakika nzima, halafu mlango wa ukumbini ukaanza kutoa sauti za zamani. Kwanza Kidoti, binti yao, akisoma herufi. Sasa ana miaka kumi na mmoja, lakini sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka minane mwenye pengo. Kisha Breki akiimba bafuni wimbo ambao alikuwa ameshausahau. Kisha sauti nyembamba ya mwanamke mzee ikasema, "Nani amefungua dirisha?"

"Sauti ya Mama hiyo," Breki alisema, akaendelea kupaka mkate siagi.

"Bibi alikuwa hapendi upepo," Kidoti alisema.

Mwalimu alitabasamu, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Alisema ni vizuri kumsikia. Mama Kidoti peke yake ndiye aliyeinuka mezani, akaenda kwenye cherehani, akafungua daftari lake la vipimo.

Mshona mapazia ana namna yake ya kukumbuka. Katika daftari lile kila dirisha alilowahi kulivika lina tarehe, upana, urefu na pindo. Ijumaa mlango ulitoa sauti yake mwenyewe ikisema, "Mapazia ya zahanati yamekwisha, kesho napeleka." Alitafuta ukurasa: zahanati, madirisha sita, miaka mitatu iliyopita, tarehe sita. Jumamosi mlango ulitoa siku iliyofuata. Jumapili ukatoa nyingine. Kwa hiyo sauti zilikuwa zinakuja kwa mpangilio, siku kwa siku, na ile aliyoiogopa ilikuwa ya tarehe ishirini na saba. Alihesabu kwa vidole, akarudia. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na tisa. Mwalimu angeondoka baada ya wiki nne.

Sasa ni vizuri kusema alichokuwa anakiogopa, maana hakikuwa siri kwa watu wote wa nyumba ile. Kilikuwa siri kwa mtu mmoja tu.

Bibi aliugua miezi saba katika chumba cha nyuma, na katika miezi hiyo aliita. Aliita mto ugeuzwe, mto ulipogeuzwa akaita urudishwe. Aliita kuuliza saa, na kuuliza nani anapita nje. Aliita kwa sababu ameota, na aliita kwa sababu hakuota. Breki, ambaye siku nzima huwaambia watu jambo moja mara tatu kabla hawajalielewa, ndiye aliyetunga utaratibu. Mara ya kwanza ni upweke, alisema. Mara ya pili ni mazoea. Mara ya tatu ni shida, na hapo mtu anakwenda. Haukuwa utaratibu wa watu wakatili. Ulikuwa wa watu waliochoka, na mara nyingi ulifaa: Bibi aliita mara moja, akaita mara ya pili, kisha akapitiwa na usingizi. Kidoti ndiye aliyependa kuhesabu, kwa vidole.

Tarehe ishirini na saba, Jumamosi, saa kumi alasiri, kulikuwa na mpira kwenye televisheni. Bibi aliita mara mbili. Wakasubiri ya tatu. Saa kumi na moja Mama Kidoti alimpelekea uji, akakuta mkono wake umeshapoa.

Mwalimu alikuwa mbali, anasimamia mitihani. Alipopigiwa simu hakulia kwanza, aliuliza, "Aliita?"

Breki alimtazama mkewe. Mama Kidoti akashika simu, akasema, "Hakuita, wifi. Alilala tu."

Tangu siku hiyo, kila Mwalimu alipokuja aliuliza tena, kama mtu anayejaribu kitasa kuhakikisha mlango umefungwa. Hakuita kabisa? Hakuita kabisa. Basi alishusha pumzi, wakaongea mengine. Na Mama Kidoti alimpenda. Katika ukoo mzima wa mume wake, huyu ndiye aliyempokea bila kumpima tangu siku ya kwanza. Cherehani ile ni yeye aliyeileta, ameipakata safari nzima, na ndiye aliyemwambia kitambaa hakikatwi kwa woga. Hakutaka kumpoteza. Ndiyo sababu sasa aliogopa mchana kutwa, akala kwa kujilazimisha, akashona pazia la sebule ya watu juu chini, akalifumua, akalishona tena juu chini.

Jumatatu alikwenda dukani peke yake.

Duka la vifaa vya mtandao lilikuwa na kaunta ya kioo na muuzaji mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine kichwani. Mama Kidoti alimweleza kwamba nyumbani kwao sauti hazivuki milango. Muuzaji aliitikia kwa kichwa. Aliuliza nyumba ina kuta ngapi, za tofali au za mbao, na kiboksi kiko wapi. Aliposikia kiko nyuma ya televisheni alifumba macho kidogo, kama daktari aliyeambiwa mgonjwa anakunywa dawa na pombe.

"Mama, kwanza tuelewane," alisema. "Watu wanasema kiboksi, kiboksi, lakini ni vitu viwili. Modemu ndiyo inayozungumza na nje. Waya wa kampuni unaingia kwenye modemu, modemu inatafsiri kilicholetwa, kazi yake imeisha. Haijui nyumba yako ina vyumba vingapi. Rauta ndiyo inayogawa ndani: huyu apelekewe hiki, yule apelekewe kile, cha huku kiende kule. Nyumba nyingine wana kimoja chenye kazi zote mbili. Ninyi, kwa ulivyonieleza, mna viwili."

"Kwa hiyo nikibadilisha modemu, ndani hakutabadilika kitu?"

"Hata kidogo. Tatizo lako ni la ndani."

"Nipe modemu."

Muuzaji alimtazama kwa miwani ya machoni, akashusha ya kichwani, akamtazama tena. "Mama, nimekueleza sasa hivi."

"Nimekuelewa. Nipe modemu."

Nyumbani aliifungua mbele ya watu wote, akaichomeka mwenyewe ukutani, akasimama pembeni akisubiri kusifiwa. Mwalimu aliigeuza, akasoma chini yake.

"Wifi yangu, hii ni modemu."

"Kwani si ndiyo hiyohiyo?" Mama Kidoti alijitia hamnazo. "Kiboksi si kiboksi?"

Mwalimu alicheka mpaka akakaa. Hakukasirika hata kidogo. Alimshika wifi yake mkono, akasema kosa ni la waliotengeneza vitu viwili vyenye sura moja, na kesho wataenda pamoja. Mama Kidoti naye alicheka. 

Kesho yake muuzaji aliwapokea kana kwamba hajawahi kumwona Mama Kidoti. Aliweka rauta tatu juu ya kioo. Ndogo ilikuwa na antena mbili. Ukuta wa kwanza inavuka, alisema, wa pili inasitasita, wa tatu haina habari nao. Ya kati aliipitia haraka, kama mtu anayetambulisha mtoto wa pili. Kubwa ilikuwa na antena nne na masafa mawili, moja linakwenda mbali bila haraka, jingine linakwenda kasi lakini linachoka mapema, na yenyewe huchagua lipi limfae nani. Mwalimu aliuliza maswali ya mtu anayejua anachouliza: laini ya nyumbani inaleta kasi gani, maana hakuna haja ya rauta inayogawa kisicholetwa, je, itaelewana na modemu mpya, iwekwe wapi. Iwekwe katikati ya nyumba, muuzaji alisema, juu kidogo, mahali pa wazi, siyo kabatini, wala nyuma ya televisheni. Neno televisheni alilisema akimtazama Mama Kidoti.

"Na kwa nini wanafunzi nawasikia, wao hawanisikii?" Mwalimu aliuliza.

"Rauta haichoki pande zote kwa pamoja. Kupokea huwa inapokea mpaka mwisho. Kutuma ndiko kunakotangulia kufa. Mtu wa mbali na rauta atasikia kila kitu kinachosemwa, ila chake hakitoki."

Simu ya Mwalimu ililia, mzazi wa mwanafunzi, akatoka nje kuzungumza. Mama Kidoti aliinama juu ya kaunta.

"Kuna sauti za zamani, mlango umeanza kuzirudisha," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiitupa rauta ya zamani, si zinakufa nayo?"

"Hazimo ndani ya rauta, mama. Rauta ni njia tu. Zimo ndani ya nyumba, zinangoja kupitishwa."

"Nikichukua hii ndogo?"

"Zitakuja kidogokidogo. Miezi. Hata mwaka."

"Na kubwa?"

"Siku hiyohiyo ya kuifunga."

"Nifungie ndogo."

Muuzaji hakushangaa. Alivuta karatasi ya kufungia. "Hiyo ndiyo inayotoka kuliko zote," alisema. "Watu wana majumba makubwa, wananunua ndogo."

Lakini Mwalimu alirudi kabla fundo halijafungwa. Aliitazama ndogo, akahesabu kuta kwa vidole: ukuta wa sebule, ukuta wa ukumbi, ukuta wa stoo. "Wifi, hii itaishia stoo. Unataka nifundishe ndoo na mifagio?" Akaisogeza kando, akaivuta kubwa, na mambo yakawa yameamuliwa. Mama Kidoti ndiye aliyeibeba njiani. Boksi lilikuwa jepesi mno, na wepesi ule ulimtisha kuliko kama lingekuwa zito.

Walipofika kwenye kona ya mtaa wao alisimama.

"Wifi."

"Naam."

"Kuhusu Mama."

Mwalimu alisimama pia, akageuka. Uso wake ulikuwa wazi, tayari kupokea lolote. Mama Kidoti aliutazama uso huo, akayaacha yote aliyokuwa ameyapanga tangu dukani.

"Angefurahi kukuona unafundisha chumbani kwake," alisema.

"Ee," Mwalimu alisema. "Angefurahi." Wakaendelea na safari.

Muuzaji alikuja mwenyewe Jumatano saa kumi alasiri na ngazi ndogo. Breki alikuwa ametoka kazini, Kidoti ametoka shule, na chai ilikuwa mezani. Muuzaji alipigilia kibao ukumbini, sawa na usawa wa kichwa, akavuta waya kutoka kwenye modemu, akaweka rauta, akazielekeza antena mbili juu na mbili pembeni. Aliomba neno la siri. Kidoti akachagua jina la paka wa jirani. Taa zikawaka moja baada ya nyingine, zote za kijani. Muuzaji aliteremka, akakunja ngazi, akakataa chai. Alisema huwa hapendi kukaa pale mambo yanapoanza. Akaaga.

Zikaja. Zilianza upya tangu mwanzo, zilizowahi kusikika na zisizowahi, zikatoka kwenye milango yote kwa utaratibu, kila moja ikisubiri ya mbele yake imalize. Miaka ya chakula tayari. Miaka ya nani ameacha taa, nani ameingia bafuni, leteni ufunguo, viatu vyangu viko wapi. Wao walikaa mezani wakinywa chai, jinsi watu wanavyokaa wakisubiri mvua iishe. Breki alicheka mahali, alipojisikia akimdanganya mkaguzi kwa simu kwamba yuko njiani. Kidoti aliziba masikio aliposikia siku aliyovunja kioo. Siku za ugonjwa zilipoanza, Mwalimu aliweka kikombe chini.

Bibi aliita mto. Bibi aliita saa. Bibi aliita kuuliza nani anapita nje, na sauti ya Kidoti mdogo, kutoka sebuleni, ikasema, "Moja." Mwalimu alimtazama Kidoti. Kidoti alitazama kikombe chake.

 Mama Kidoti alitaka kuinuka akaung'oe ule waya, ilikuwa hatua sita tu, lakini alibaki kitini. Alisikia mapazia ya zahanati yakipita. Alisikia tarehe ishirini, ishirini na tatu, ishirini na sita. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Halafu ikaja sauti ya mtangazaji wa mpira.

"Mwanangu," Bibi aliita.

"Moja," alisema Breki wa miaka mitatu iliyopita.

Mtangazaji aliendelea. Mtu alipiga mpira nje.

"Mwanangu, njoo."

"Mbili," ilisema sauti ya Mama Kidoti. Haikuwa na ukali. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeweka miguu juu ya kigoda kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. "Bado moja. Akiita ya tatu naenda."

Mezani hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama Kidoti alifumba macho, akangoja kimya cha siku ile, maana alikikumbuka vizuri: baada ya mbili hapakuwa na kitu. Hicho tu ndicho kilichomwezesha kulala miaka mitatu. Hakuita ya tatu.

Lakini rauta ya zamani ilikuwa imeanza kuchoka siku ileile, na hakuna aliyejua kwamba kuna maneno hayakuvuka mlango. Sauti ya Bibi ilitoka katika mlango wa ukumbi, safi, karibu, kana kwamba amekaa nao.

"Basi," ilisema. "Msisumbuke. Endeleeni tu."

Baada ya hapo palikuwa na mpira, goli, na Breki akishangilia. Kisha nyayo za Mama Kidoti zikienda na uji.

Breki alikuwa wa kwanza kusema. Alilifikiria jambo lile kwa uangalifu, jinsi anavyofikiria makosa ya mwanafunzi kabla ya kumfelisha.

"Ile ya mwisho haikuwa kuita," alisema. "Ilikuwa kusema tu."

Mwalimu aliwatazama, mmoja mmoja. "Aliita," alisema.

"Aliita, wifi," Mama Kidoti alisema.

Mwalimu aliinuka, akakusanya vikombe vyote, cha Mama Kidoti kikiwa bado kimejaa, akaviosha, akavifunika. Aliingia chumba cha nyuma, na saa kumi na moja akafundisha somo lake kama ratiba ilivyosema. Wanafunzi walimsikia vizuri. Waliokuwa sebuleni nao walimsikia, kila neno, akieleza mteremko wa mstari kwa sauti isiyotikisika. Baada ya somo alinyamaza. Hata kimya chake kilifika sebuleni bila kuchelewa.

Alikaa mpaka wiki zake zikatimia. Alikula nao, akamsaidia Kidoti hesabu, akasifu rauta mara mbili. Siku ya kuondoka alimkumbatia Mama Kidoti mlangoni kama alivyomkumbatia siku zote. Kitu kimoja tu hakukifanya. Lile swali lake hakuliuliza, wala hajaliuliza tena hadi leo, na Mama Kidoti, aliyekuwa akiliogopa kila mwaka, sasa analingoja kwenye kila simu.

Nyumba ilitulia. Chakula tayari kilifika kikiwa cha moto. Breki aliitupa rauta ya zamani pamoja na soksi, na utaratibu wa mara tatu haukuzungumzwa na mtu. Kwa kuwa haukuzungumzwa, haukufutwa. Kidoti akiita taulo bafuni walihesabu. Breki akiita ufunguo walihesabu. Ulikuwa utaratibu mzuri tu, ulipunguza kelele.

Mwezi wa pili baada ya hapo Mama Kidoti alipata homa. Haikuwa kubwa mwanzoni. Alihamia chumba cha nyuma kwa sababu kina ubaridi, akalala kitanda kile, akageukia ukuta. Siku ya nne, Jumamosi, saa kumi alasiri, aliamka shuka limelowa jasho na ulimi umeganda. Bilauri juu ya meza ilikuwa tupu. Alijaribu kuketi, chumba kikazunguka, akalala tena. Kutoka sebuleni alisikia televisheni, na kijiko kikigonga kikombe. Alishukuru kwamba rauta ni nzuri.

"Jamani," aliita. "Naomba maji."

Sauti yake ilivuka milango mitatu papo hapo. Akaisikia ikifika.

"Moja," Kidoti alisema.

Mama Kidoti alifumbua macho. Alilisikia neno lile kama limesemwa miguuni pa kitanda. Alisikia hata Breki akiongeza sauti ya mpira kidogo, kwa heshima, siyo sana. Na hapo ndipo alipoelewa, akaingiwa na hofu iliyomzidi homa. Mtu wa mbali na rauta husikia kila kitu. Bibi alikuwa anawasikia. Miezi yote saba, kila siku, kila alipoita, aliwasikia wakimhesabu.

Aliogopa kitanda kile, akaogopa ukuta. Aliogopa vidole vya binti yake, viwili sasa vikiwa vimejiandaa. Alijiambia ataita mara tatu harakaharaka, bila kupumzika katikati, amalize.

"Baba Kidoti," aliita. "Njoo."

"Mbili," Kidoti alisema.

"Bado moja," Breki alisema. "Akiita ya tatu naenda."

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti zao. Ndicho kilichomvunja nguvu. Alikusanya pumzi kwa ajili ya ya tatu, akaishika kifuani, akasikia jinsi walivyonyamaza kule sebuleni, wote wawili, wakiisubiri. Aliwaona wameweka miguu juu ya kigoda. Aliona aibu, ya ajabu, kubwa kuliko kiu, kwamba anawasumbua.

"Basi," alisema. "Msisumbuke. Endeleeni tu."

Taa za kijani ukumbini zilimeta mara moja, na maneno yakafika sebuleni yote, bila kukosa hata moja. Kidoti alitazama vidole vyake, akamgeukia baba yake.

"Hiyo inahesabiwa?"

Breki alifikiri kwa uangalifu.

"Hapana," alisema. "Hiyo siyo kuita."